Wikiendi ya shabaha: mwongozo kwa anayekwenda kujifunza bunduki siku mbili

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa kwetu kusini wanaoitwa kwa mara ya kwanza kwenye mafunzo ya shabaha ya Jumamosi na Jumapili: askari wanyamapori wa vijiji, mgambo, na wakulima wachache wenye bunduki za kibali. Mimi ni mkulima wa korosho Nachingwea. Mafunzo ya namna hii nimehudhuria mara mbili kama mwanafunzi, na baadaye mara kadhaa kama msaidizi, yule anayelala kando ya mwanafunzi na kumtazama kidole. Kutazama vidole vya wenzangu kumenifundisha kuliko risasi zote nilizopiga mwenyewe.

Hili si jambo la kujifurahisha kwetu. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Wengi walichukuliwa mashambani msimu wa mavuno, wamelala kwenye madungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Liwale na Nachingwea tembo bado wanaingia mashambani. Anayeitwa usiku wa namna hiyo na bunduki asiyoizoea hamwui mnyama, anamjeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa akiingia kichakani ndiye atakayekutana na mama anayekwenda kisimani asubuhi. Ndiyo maana nalichukulia hili somo kwa uzito.

Kuna jambo moja nitalirudia hadi mwisho: bunduki hailengwi kwa nguvu za mikono. Unaupanga mwili mpaka bunduki iangalie shabaha yenyewe, kisha unaondoa kila kitu kinachoweza kuivuruga. Ukilielewa hilo Jumamosi asubuhi, mengine yote yatakuja.

Kabla hujapanda gari

Anza na vibali. Silaha nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlango wake kwa mwananchi ni polisi. Muulize anayeandaa mafunzo mambo mawili: polisi wa wilaya wameridhia? Bunduki zitakazotumika ni za nani, na vibali vyake viko wapi? Akizungukazunguka kujibu, baki nyumbani. Kama unakuja na ya kwako, isafiri na kibali chake, tupu, ndani ya mfuko wake, na risasi ziwe kwenye chombo kingine.

Mavazi yana maana kuliko watu wanavyodhani. Vaa shati la mikono mirefu, maana viwiko vitasugua ardhi siku nzima, na ukosi ufungwe mpaka juu. Sababu ya ukosi ni hii: ganda la risasi linaporuka linakuwa la moto, na likiangukia ndani ya shati mtu huruka na kugeuka, bunduki ikiwa mkononi. Nimeliona hilo mara moja. Kijana aligeuka robo mzunguko kabla mkufunzi hajaukamata mtutu na kuuelekeza chini. Hakuna aliyeumia, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka chakula cha mchana. Akina mama na akina dada, khanga na mitandio iachwe kwenye begi au ifungwe isining'inie.

Chukua kofia yenye ukingo, mkeka au gunia la kulalia, daftari na kalamu, na maji ya kutosha, si chini ya lita tatu kwa siku. Miwani ni lazima, hata ile ya jua ya kawaida ni bora kuliko macho matupu. Masikio usiyafanyie mzaha. Kuanzia desibeli 140 sikio linaweza kuumia kwa mlio mmoja tu, na bunduki kubwa za doria hupita 150. Pamba haitoshi. Tafuta vizibo vya sponji vinavyouzwa kwa ajili ya viwandani, na ukipata vile vya kufunika sikio zima vaa vyote viwili. Wazee wengi waliokwenda doria bila kinga leo wanawauliza wajukuu wao mara tatu kila neno.

Jua pia jicho lako kuu, yaani lile linaloongoza unapolenga. Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakize tundu dogo katikati, na macho yote mawili yakiwa wazi tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, mnazi kwa mfano. Funga jicho la kushoto. Mnazi ukibaki palepale, jicho lako kuu ni la kulia. Ukitoweka, ni la kushoto. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho kuu la kushoto hupata tabu sana kama hajui sababu. Mwambie mkufunzi mapema. Mara nyingi ataanza kwa kukubandikia karatasi ndogo kwenye kioo cha kushoto cha miwani, au atakufundisha kupiga kwa bega la kushoto.

La mwisho ni bunduki ya kuanzia. Kama kuna .22, ile bunduki ndogo ya risasi nyembamba, omba hiyo, hata kama kazini utapewa kubwa. Askari wengi wa vijiji hukabidhiwa .375 au .458, silaha zilizotengenezwa kwa nyati na tembo, na teke lake, ule msukumo wake begani, humfundisha mwanafunzi kitu kimoja tu, kuogopa. Siku mbili za .22 na risasi chache za bunduki kubwa mwishoni zinamjenga mtu. Kinyume chake kinambomoa.

Ukifika, tembea uwanja kabla ya kugusa bunduki

Mwombe mkufunzi akutembeze mpaka kwenye shabaha na nyuma yake. Risasi ya .22, ndogo kama ncha ya kidole, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Ya bunduki kubwa hupita kilomita tatu. Kwa hiyo kinachosimama nyuma ya karatasi ndicho uwanja wenyewe. Kinatakiwa kiwe udongo: tuta refu na nene, au ukingo wa korongo, usio na mawe.

Hapa watu wa Masasi nawaomba wanisikilize. Ile milima yenu ya mawe inaonekana kama ukuta Mungu alioujenga kwa ajili ya kazi hii, lakini jiwe ndilo kizuizi kibaya kuliko vyote. Risasi ikigonga jiwe huteleza na kurudi upande usioutegemea. Kichuguu nacho ni udongo mzuri, ila ni chembamba. Anayekosa kwa mita moja kushoto anapiga porini.

Angalia pia nani anaishi au anafanya kazi ng'ambo ya tuta. Kwetu kuanzia Septemba mpaka Desemba watu wako chini ya mikorosho tangu alfajiri wakiokota korosho, na mtu aliyeinama chini ya mkorosho haonekani hata kwa mita hamsini. Wapo wachoma mkaa, warina asali, watoto waliotumwa kuni. Mwandaaji makini huwaarifu wenyeviti wa vitongoji, huweka bendera nyekundu na walinzi kwenye njia zote za miguu. Mimi napenda mafunzo yafanyike Juni au Julai, mvua zimekwisha, nyasi zinaanza kukauka na korosho bado.

Nachingwea si mgeni wa kazi hii. Wapiganaji wa Frelimo, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walifunzwa hapa miaka ya 1960 na 1970, chini ya Samora Machel, na wazee wetu wanakumbuka milio ile. Nawatajia vijana jambo hilo kila mara ili wajue wamelala kwenye ardhi ya namna gani.

Sheria nne, na neno moja ambalo kila mtu anaruhusiwa kulipiga kelele

Kila bunduki ina risasi, mpaka wewe mwenyewe uifungue bolti, lile komeo la nyuma, na kutazama chemba, pale risasi inapokaa, kisha uingize kidole kidogo uhakikishe. Mdomo wa mtutu usielekee kamwe kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka macho yawe kwenye shabaha na umeamua kupiga. Jua unachokipiga na kilicho nyuma yake.

Zikariri kama unavyokariri namba ya simu ya mama yako. Mzee mmoja wa Umatumbi alikuja kutusalimia jioni ya Jumamosi kwenye moto wetu wa kambi. Tulipomwambia "shikamoo babu" alikaa, akatazama bunduki zilizokuwa zimefungiwa kwenye gari, akasema: "Risasi haigeuki maji, wajukuu zangu." Hakuongeza neno. Vita vya Majimaji vilianzia vilimani kwao, Nandete, Julai 1905, na kila aliyekuwepo pale motoni alijua gharama iliyomo kwenye sentensi ile. Kesho yake asubuhi hakuna aliyehitaji kukumbushwa pa kuelekeza mtutu.

Amri za uwanja hutofautiana kidogo, kwa hiyo sikiliza za mkufunzi wako. Kwa kawaida kutakuwa na amri ya kulala mahali pako, ya kupakia, ya kupiga, na ya kuacha. Hakuna anayevuka mstari kwenda kwenye karatasi mpaka kila bunduki iwe chini, tupu, bolti wazi, na hakuna anayegusa bunduki wakati mtu yuko mbele. Neno "Acha!" ni la kila mtu. Ukiona mbuzi, mtoto, moshi, au chochote kisichokaa sawa, piga kelele "Acha!" hata kama wewe ni mgeni na pembeni yako yupo afande mwenye nyota. Kidole kitoke kwenye triga papo hapo, maswali baadaye.

Jumamosi asubuhi: lala chini, bila risasi

Saa mbili za kwanza hutapiga risasi hata moja. Wapo wanaonung'unika. Usiwe miongoni mwao, maana shabaha inajengwa hapa.

Nitaeleza kwa mtu wa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze. Lala kifudifudi, mwili ukiwa umekaa mshazari kidogo kushoto kwa mstari wa shabaha. Mguu wa kushoto unyooke, wa kulia ukunje kidogo goti lije juu. Kukunja huko kunainua tumbo kutoka ardhini, na utapumua bila kifua kuisukuma bunduki. Kiwiko cha kushoto kiweke chini kabisa ya bunduki, si pembeni. Bunduki ikalie kiganja kilicho wazi, kama sinia kwenye mkono wa mtu anayeandaa chakula. Usiikamate. Vidole vikikaza, misuli inafanya kazi, na misuli huchoka na kutetemeka. Mfupa hauchoki.

Mkanda wa bunduki ndio msaada mkubwa usiotumiwa. Pitisha mkono wa kushoto katikati ya mkanda na bunduki, uzungushe mkanda nyuma ya mkono juu ya kiwiko, kisha kiganja kirudi mbele na mkanda ulale juu yake. Urekebishe urefu mpaka uukaze bunduki begani bila wewe kuivuta. Ukianza kuhisi mapigo ya moyo mkononi, huenda umebana mno. Ukizidi kubana, legeza kidogo.

Kitako kiingie kwenye kile kishimo kati ya bega na kifua, kila mara mahali palepale. Shavu lilale juu ya mbao kwa uzito wake wote, kama umelalia mto. Msomaji wa Kusini anajua kuwa mto wa kulalia haubembelezwi, kichwa unakiachia. Shavu likibadilisha mahali hata kwa unene wa ukucha, jicho linatazama kwa pembe nyingine na risasi inahama.

Sasa lenyewe. Lenga shabaha. Funga macho. Vuta pumzi, itoe, legeza mabega, legeza shingo, acha mwili uzame kwenye mkeka. Fumbua macho. Bunduki inaangalia wapi? Karibu kila mtu, mara ya kwanza, anakuta imehamia pembeni. Huko ilikohamia ndiko mwili wako unakotaka kupiga, na ulipokuwa unalenga mwanzo ulikuwa unaisukuma kwa misuli bila kujijua. Risasi inapolia misuli hulegea kidogo, bunduki inarudi kwake, na unalaumu darubini ya kulengea.

Usiisukume irudi. Kiwiko cha kushoto ni nguzo, kisitoke ardhini. Kama bunduki imeelekea kulia, sogeza nyonga kulia kidogo, na mdomo wa mtutu utakuja kushoto. Imeelekea kushoto, nyonga ziende kushoto. Iko juu? Sogeza kiganja cha kushoto mbele kidogo, mtutu utashuka. Iko chini? Kirudishe nyuma. Funga macho tena, pumua, fumbua. Rudia mpaka ukifumbua macho uikute shabaha inakusubiri. Dada mmoja kutoka Ruangwa alifanya hivi mara kumi na moja kabla ya risasi yake ya kwanza. Mimi nilikuwa kando yake nahesabu. Alipofumbua mara ya kumi na moja alinong'ona, "Kaka, imekaa yenyewe." Risasi zake tano za kwanza zingefunikwa na sarafu mbili.

Ukitoa kiwiko ardhini, hata kwa kukwaruza shingo, umeanza upya. Ndiyo sababu risasi unazipanga karibu na mkono wa kulia kabla ya kulala.

Jicho, pumzi, kidole

Kama bunduki ina vilengeo vya chuma, kuna vitu vitatu mbele yako: ufa wa nyuma, kijiti cha mbele, na shabaha. Jicho haliwezi kuviona vyote kwa ukali mara moja. Chagua kijiti cha mbele. Kingo zake ziwe kali kama wembe, shabaha ibaki na ukungu. Akili inakataa hili, inataka kuiona shabaha, nawe ukikubali kijiti kitapotea na risasi itakwenda popote. Kwenye darubini tatizo hili halipo, lakini ukiona kivuli cheusi pembeni ya kioo, shavu limekaa vibaya. Na kwa bunduki kubwa yenye darubini weka jicho mbali na kioo, la sivyo ukingo wake utakupasua nyusi.

Pumua kama kawaida. Mwisho wa kutoa pumzi kuna kituo kidogo kabla ya kuvuta nyingine. Kirefushe, piga hapo. Ikipita sekunde saba au nane hujapiga, macho huanza kuchoka na kifua kudai hewa. Acha, pumua, anza tena. Si aibu.

Kidole kiguse triga kwa pedi ya mbele, katikati ya ncha na kiungo cha kwanza, na kivute moja kwa moja kuelekea nyuma, polepole na bila kukoma, kama unavyokamua tone la mwisho la asali kwenye sega. Usichague wakati wa mlio. Ongeza uzito tu, uendelee kuangalia kijiti, na mlio ukukute. Baada ya mlio kidole kibaki nyuma, macho wazi, uone kijiti kilikuwa wapi risasi ilipotoka. Kiseme kwa sauti: "juu kulia," au "katikati." Anayeweza kusema risasi yake ilikwenda wapi kabla ya kutazama karatasi ameanza kuwa mlengaji.

Kabla ya risasi halisi, fanya mazoezi makavu. Bunduki tupu, umehakikisha wewe na mkufunzi, risasi zote zikiwa mbali nyuma ya mstari. Weka sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, vuta triga. Sarafu isianguke. Mara ishirini. Uliza kwanza kama bunduki hiyo inavumilia kufyatuliwa kavu, maana .22 nyingi za zamani pini yake huharibika, na hapo hutumika ganda lililokwisha kupigwa ndani ya chemba.

Risasi tano, kisha hesabu

Shabaha iwekwe mita 25. Chora kwenye karatasi duara kwa kifuniko cha soda, kama sentimita tatu, ulipake weusi. Usidharau umbali huo. Kundi linaloingia kwenye kifuniko cha soda kwa mita 25 litaingia kwenye duara la sentimita 12 kwa mita 100, kwa hesabu ya pembe peke yake.

Piga tano. Usirekebishe kitu katikati, hata uone ya kwanza imetoka nje. Unatafuta kundi, si katikati. Matundu matano yaliyosongamana pembeni ya karatasi ni kazi nzuri kabisa, kwa sababu vilengeo vinaweza kuhamishwa. Matundu matano yaliyotawanyika, moja likiwa katikati kwa bahati, hayana tiba kwa bisibisi.

Soma karatasi. Matundu yaliyopangana wima, moja juu ya jingine, ni pumzi: ulikuwa unapiga kifua kikipanda na kushuka. Yaliyopangana kwa mlalo mara nyingi ni mwili uliolazimishwa, au kidole kinachovuta pembeni. Makundi mawili tofauti kwenye karatasi moja, ulitoa kiwiko ukakirudisha pengine. Yanayoangukia chini na pembeni, umeishtukia risasi, nalo nitalieleza.

Kundi likishakuwa kundi, lihamishe. Ufa wa nyuma unahamia upande unaotaka risasi iende. Kijiti cha mbele kinahamia upande wa pili. Kiasi gani? Pima kwa rula umbali kati ya ufa na kijiti. Tuseme ni sentimita 50. Mita 25 ni mara hamsini ya sentimita 50. Kwa hiyo kundi likiwa limekosea sentimita 5 kushoto, gawanya kwa hamsini: ufa wa nyuma uhamie kulia milimita 1. Basi.

Kwa darubini kuna kipimo kinachoitwa dakika ya pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa mita 100 ni kama sentimita 3, kwa mita 25 ni milimita 7 na ushee. Darubini nyingi huhama robo ya dakika kwa kila kliki, kwa hiyo kliki moja kwa mita 25 haifiki milimita 2. Ukikosea sentimita 2, zungusha kliki 11. Andika kwenye daftari kila ulichogusa.

Ikifika saa sita, pumzikeni mpaka saa tisa. Jua la kwetu likipiga ardhi huinua mazigazi, shabaha inacheza kama iko ndani ya maji, na mtu anajifunza makosa ya jua badala ya yake. Kabla ya kula, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi. Risasi hutengenezwa kwa madini yanayoitwa pia risasi (lead), ambayo ni sumu, na moshi wake hukaa vidoleni. Chakula kisiletwe kabisa kwenye mstari wa kupigia, na mama anayenyonyesha abadili shati kabla ya kumbeba mtoto.

Kushtuka

Hili ndilo gonjwa la wote, nami niliuguza langu miaka miwili bila kujua. Nilikuwa napiga chini kushoto kila mara, nikahamisha vilengeo, nikabadilisha risasi, nikamlaumu aliyeniuzia bunduki. Kwenye mafunzo yangu ya kwanza mkufunzi alininyang'anya kazi ya kupakia. Alinipa bunduki imefungwa, mimi sijui kama ndani kuna risasi au kuna ganda tupu. Nikalenga, nikavuta. Klik. Ganda tupu. Na mtutu, mbele ya watu wote, ulitumbukia chini kama mtu amekanyaga shimo. Bunduki haikulia, lakini bega langu lilikuwa limeshaisukuma, macho nimeyafumba. "Umeona, mzee?" akaniuliza taratibu. Niliona.

Tiba yake ni hiyohiyo. Mwenzako akupakie kwa kuchanganya, ganda tupu mara nyingi kuliko risasi, mbili au tatu tupu kwa moja halisi. Mkufunzi athibitishe kila mara, na kila ganda uliheshimu kama ni risasi. Endelea mpaka mtutu usitikisike kwenye ganda tupu. Mwili hauwezi kuogopa mlio usiojua utakuja lini, na polepole unaacha kujitayarisha. Nusu saa ya zoezi hili Jumamosi alasiri ina thamani kuliko boksi zima la risasi.

Jumapili: inuka kutoka ardhini

Porini hulali mara nyingi. Nyasi za Machi humpita mtu kimo. Kwa hiyo Jumapili ni kukaa, kupiga goti na kusimama, kwa kanuni zilezile.

Kukaa ndiko kunakokaribia kulala kwa utulivu. Kunja miguu kama uko jamvini, inama mbele, sehemu bapa ya mkono juu ya kiwiko itulie mbele ya goti. Mfupa wa kiwiko usikae juu ya mfupa wa goti, vitabiringishana kama mawe mawili. Kwenye goti moja ni vivyo hivyo, na ukalie kisigino cha mguu wa kulia. Mwili ukiwa umeelekea pengine, zungusha makalio au mguu, usizungushe mikono.

Kusimama ni kugumu na kutabaki hivyo. Mtutu utazunguka daima. Kosa ni kusubiri upite katikati ya shabaha na kunyakua triga. Ongeza uzito kidole polepole kadiri mzunguko unavyopungua, ukubali mlio popote ndani yake. Lakini kama kuna mti, mbona usimame peke yako? Egemeza kiganja cha kushoto kwenye shina la mkorosho na bunduki ikae juu ya mkono. Mtutu wenyewe usiguse shina, ukigusa risasi inahama.

Mkufunzi akiweka muda, mfano risasi tano kwa dakika moja, usikimbie kwenye triga. Haraka ifanyike kwenye kupakia na kukaa, kidole kibaki na mwendo wake.

Anayepaswa kutumia .375 au .458 apige tatu au nne tu mwishoni, akiwa amesimama au ameegemea, kamwe si amelala, maana akilala bega linapokea teke lote bila kuweza kurudi nyuma.

Mambo mawili ya kusimamisha kila kitu

Ukivuta triga na risasi isilie, usifungue bolti. Mtutu ubaki kwenye tuta, hesabu mpaka sitini, ndipo ufungue taratibu uso ukiwa pembeni. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

Ukisikia mlio hafifu, "puf" badala ya mlio wake, acha hapo hapo na inua mkono. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu hupasuka karibu na uso wako. Ondoa zote, toa bolti, mkufunzi achungulie mwanga kuanzia nyuma.

Ukirudi nyumbani

Safisha mtutu siku hiyohiyo, kutoka chemba kwenda mbele, umalize kwa mafuta kidogo. Walioko Mtwara mjini, Mikindani, Kilwa na Lindi pwani, chumvi ya bahari hula chuma haraka, kwa hiyo pitia tena baada ya siku mbili. Bunduki na risasi zifungiwe mbalimbali, funguo usizifiche mahali ambapo mtoto wa darasa la pili anaweza kubahatisha.

Kisha kila jioni, dakika kumi, zoezi kavu: chumba kisicho na risasi hata moja, mlango umefungwa, ukuta mnene mbele, kijiti kwenye doa dogo uliloliweka. Funga macho, pumua, fumbua, sogeza nyonga. Sarafu juu ya mtutu. Karatasi yako ya kwanza ya Jumamosi usiitupe. Andika tarehe, umbali, aina ya risasi na saa, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Mkikutana tena Julai ijayo piga tano kwa mita 25 kabla mkufunzi hajakusahihisha neno, na uziweke karatasi mbili kando kwa kando.